Yakobo alitubu katika sura ya ngapi?

Mwalimu wa Vijana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kikundi chetu cha kujifunza Biblia kinasoma kitabu cha Mwanzo, na tangu tulipofika kwa Yakobo nimekwama. Nilikuwa nimeandaa somo lenye mambo matatu, yaani imani, toba na subira, nikamchagua yeye awe mfano kwa sababu kasoro zake ziko wazi (alimdanganya baba yake Isaka asiyeona, akaichukua baraka ya pacha wake Esau, kisha akakimbia), na vijana huchoshwa na watu wa Biblia wanaohubiriwa kana kwamba hawakuwahi kukosea. Nilidhani nimechagua njia rahisi. Kabla sijamaliza utangulizi, binti mmoja ambaye kwa kawaida hukaa kimya aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, Yakobo alitubu katika sura ya ngapi?" Nilimwahidi jibu wiki inayofuata, na wiki hiyo imekwisha kupita.

Nimesoma kuanzia sura ya 25 hadi ya 50 mara mbili, na toba ninayoitafuta siioni. Daudi alipokemewa na Nathani alisema waziwazi, "Nimemfanyia BWANA dhambi." Petro alitoka nje akalia kwa uchungu. Hata yule mwana mpotevu alikuwa amekwisha kupanga maneno ya kumwambia baba yake kabla hajaianza safari ya kurudi. Yakobo hana sentensi hata moja ya namna hiyo. Hatusomi popote kwamba alimwambia Isaka, "Baba, nilikudanganya," wala kwamba alimwambia Esau, "Ndugu yangu, nilikukosea." Anamwita Esau bwana wake, anainama mpaka nchi mara saba, anatanguliza makundi ya wanyama, lakini neno lenyewe la kukiri halitoki kinywani mwake.

Imani yake nayo inanitatiza. Pale Betheli Mungu anampa ahadi isiyo na sharti lolote, naye anapoamka anajibu kwa nadhiri inayoanza na "kama": kama Mungu atakuwa pamoja nami, kama atanipa chakula nile na nguo nivae, kama nitarudi kwa amani, ndipo BWANA atakuwa Mungu wangu. Na kuhusu subira, alimtumikia mjomba wake Labani miaka 20, ni kweli, lakini mtu aliyekimbia kuuawa na asiye na pa kurudi, je, tuseme alisubiri au tuseme alikuwa amebanwa tu?

Naomba wenye kulisoma Neno kwa makini wanisaidie, na ikiwezekana wanijibu kutoka katika maandiko yenyewe, kwa maana majibu ya kwamba "Mungu hutumia watu wasio wakamilifu" binti huyo amekwisha kuyasikia.

Msoma Polepole

Mwalimu, swali la binti huyo ni zuri mno kwa jibu la haraka. Mimi ningemjibu kwamba ni sura ya 32, aya ya 27, lakini aya hiyo haieleweki mpaka msomaji arudi kwanza sura ya 27.

Katika sura ya 27 mzee asiyeona anamwuliza mtu aliyeingia na chakula, "U nani wewe, mwanangu?" na mtu huyo anajibu, "Mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza." Isaka ana mashaka. Anampapasa mikono iliyofunikwa ngozi za wana-mbuzi, anasikia sauti isiyolingana na mikono hiyo, anauliza kwa mara ya pili kama kweli yeye ndiye Esau, na kwa mara ya pili anadanganywa. Ndipo anambariki. Kumbe baraka ile ilitolewa kwa jina la mtu mwingine, na aliyeipokea aliondoka nayo akijua kwamba haikutamkwa juu ya jina lake.

Sasa njoo kwenye kivuko cha Yaboki, miaka 20 baadaye. Ni usiku, Yakobo yuko peke yake, anashindana mieleka na mtu asiyemjua mpaka alfajiri, na anadai tena baraka kwa mtu asiyeweza kumwona vizuri: "Sikuachi, usiponibariki." Anachoulizwa kabla ya kubarikiwa ni jambo moja tu: "Jina lako n'nani?" Aliyeuliza hakuwa na haja ya kuambiwa. Swali lile alilolijibu kwa uongo mbele ya baba yake limerudi, na safari hii anajibu, "Yakobo."

Wasomaji wengi huipita haraka aya hiyo ili wafike kwenye jina jipya la Israeli, na hapo ndipo wanapoikosa toba. Katika Kiebrania jina Yakobo linahusiana na kisigino, kwa kuwa alizaliwa mkono wake ukiwa umeshika kisigino cha pacha wake, lakini Esau alipogundua kwamba ameibiwa aliligeuza jina hilo kuwa mashtaka, akasema kwamba mtu huyu ameitwa Yakobo kwa haki, maana amemwondoa mahali pake mara mbili. Tangu siku hiyo, kulitaja jina lile ilikuwa sawa na kusoma hati ya mashtaka. Mtu anayesema "Mimi ni Yakobo" katika simulizi hili anasema, "Mimi ndiye yule mwenye hila." Kukiri huko kuna neno moja tu, na kwa mtu aliyezoea kuzungumza mengi ili apate anachotaka, naona neno moja lilikuwa gumu kuliko hotuba.

Usisahau pia kumsoma nabii Hosea, sura ya 12, anayelirejea tukio hilo na kuongeza jambo ambalo Mwanzo haikulitaja, kwamba Yakobo alilia na kumsihi malaika. Sisi tumezoea kuhubiri habari za nguvu na ushindi pale Yaboki. Hosea, aliyekuwa akiwaita watu wa kizazi chake wamrudie Mungu, aliona machozi.

Kisha asubuhi ikafika, na hapa ndipo ninapoona tunda la toba ile, japo linafichwa na tafsiri. Wanyama aliowatanguliza kwa Esau, ambao ukiwahesabu katika sura ya 32 wanafika 550 bila ndama wa ngamia, wanaitwa kwa Kiebrania *minha*, yaani zawadi, kwa kurudiwarudiwa, hata Yakobo mwenyewe anapoanza kumbembeleza Esau awapokee. Lakini katika sura ya 33, aya ya 11, anabadili neno ghafla. Anasema, "Pokea *berakha* yangu," na hilo ni neno lile lile la baraka ambalo Isaka alilitumia alipomwambia Esau kwamba ndugu yake amekuja kwa hila akaichukua baraka yake. Sidhani kwamba Esau alihitaji kufafanuliwa zaidi. Mtu aliyeiba baraka amesimama mbele ya aliyeibiwa, akichechemea kwa mieleka ya usiku ule, anamsihi apokee baraka.

Kuhusu nadhiri ya Betheli nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ingawa wapo wanaosema kwamba "kama" ile inaweza kusomwa kwa maana ya "kwa kuwa". Mimi huiacha ibaki kama ilivyo. Ilinganishe tu na sala ya sura ya 32, aya ya 9 hadi ya 12, ambapo mtu huyo huyo anasema hastahili hata kidogo rehema alizotendewa, kwa kuwa alivuka Yordani akiwa na fimbo tu na sasa amekuwa matuo mawili. Katika sala hiyo hakuna "kama". Kuna hofu, kuna ahadi ya Mungu inayokumbushwa, na kuna mtu anayejua kwamba hana cha kuuza.

Sikubali Haraka

Nimefurahia maelezo ya Msoma Polepole, na hilo la *minha* kugeuka *berakha* sitalisahau. Hata hivyo naona tunakaribia kufanya kosa ambalo Mwalimu alitaka kulikwepa, yaani kumsafisha Yakobo kuliko Biblia yenyewe inavyomsafisha.

Tusome kinachofuata katika sura ile ile ya 33. Esau anapendekeza wasafiri pamoja, Yakobo anatoa udhuru wa watoto na mifugo inayonyonyesha, kisha anamwambia ndugu yake atangulie naye atamfuata polepole mpaka Seiri, nchi ya Esau. Esau anakwenda Seiri. Yakobo anakwenda Sukothi, anajenga nyumba, na hatuambiwi popote kwamba alifika Seiri. Jina jipya lilikuwa na umri wa siku moja. Katika sura ya 34 binti yake Dina anatendewa unyama, naye ananyamaza mpaka wanawe warudi kutoka malishoni, na baada ya wanawe Simeoni na Lawi kuua wanaume wote wa mji, lalamiko lake ni kwamba wamemfanya anuke kwa wenyeji wa nchi na kwamba yeye ana watu wachache. Hamtaji Dina. Katika sura ya 37 anampenda Yusufu kuliko ndugu zake mbele ya macho yao, wakati yeye mwenyewe alikulia katika nyumba iliyopasuliwa na upendeleo, Isaka akimpenda Esau, Rebeka akimpenda Yakobo.

Kwa hiyo nikiulizwa alitubu sura ya ngapi, nitasema hakuna sura moja. Ningemwonyesha binti huyo sura ya 35, ambayo watu huiruka kwa sababu haina mieleka wala machozi. Mungu anamwambia apande kwenda Betheli, naye anawaambia watu wa nyumbani mwake waondoe miungu migeni iliyo kati yao, wajitakase na kubadili nguo zao. Wanampa sanamu pamoja na pete zilizokuwa masikioni mwao, anazifukia chini ya mwaloni karibu na Shekemu. Maana yake ni kwamba kwa muda wote huo, hata baada ya Penieli, yaani ule usiku wa Yaboki, miungu ile ilikuwa humo ndani ya mahema yake, na huenda mojawapo ilikuwa vile vinyago ambavyo Raheli mkewe aliviiba kwa baba yake Labani. Toba ya usiku wa Yaboki ilihitaji miaka na sura kadhaa ili ifike kwenye masanduku ya nyumbani. Naiona hii ni habari ya kweli kuliko ile ya mtu aliyebadilika kabla jua halijachomoza, na nadhani vijana wataitambua upesi.

Mzaliwa wa Kwanza

Samahani kwa kuingia katikati ya mazungumzo ya wasomi. Mimi sijui Kiebrania, lakini habari hii naijua kutoka upande wa Esau, na upande huo hausemewi mara nyingi.

Mdogo wangu alimshawishi marehemu baba yetu, akiwa mgonjwa na hana nguvu ya kusoma alichopewa, atie sahihi karatasi ambazo zilinitoa mimi katika urithi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Tulikaa miaka 11 bila kuzungumza, na katika miaka hiyo nilihubiriwa mara nyingi kuhusu Yakobo aliyebarikiwa, na kila mara nilitoka ibadani nikiwa na uchungu kuliko nilivyoingia, kwa maana sikusikia mtu akieleza kile kilio kikubwa cha uchungu cha Esau katika sura ya 27, aya ya 34, wala swali lake kwa baba yake kama ana baraka moja tu. Wahubiri wengi wakimtaja Esau huenda moja kwa moja kwenye Waebrania 12, kwamba ni mtu asiyemcha Mungu aliyeuza haki yake kwa chakula kimoja. Ni kweli aliiuza. Lakini haki ya mzaliwa wa kwanza aliyoiuza na baraka aliyoibiwa ni vitu viwili, na yeye mwenyewe anavitenganisha.

Mdogo wangu alirudi mwaka jana. Alikuja na mengi mikononi, akanihudumia kama mgeni wa heshima, akaniita kwa jina la heshima ambalo hakuwahi kunitumia tukiwa watoto, na hakusema neno lolote kuhusu karatasi. Ndiyo sababu swali la binti huyo limenigusa. Nami nilikuwa nikilisubiri neno.

Basi nilipolisoma jibu la Msoma Polepole nilirudi sura ya 33, na nikaona kitu ambacho hakikutajwa. Yakobo anamwita Esau "bwana wangu" tena na tena, lakini Esau anapofungua kinywa kuzikataa zile zawadi anasema anavyo vya kutosha, "ndugu yangu," na vyake vibaki vyake. Mmoja anasema bwana, mwingine anasema ndugu. Esau alikuja na watu 400, na sijui wangeitwa wa nini kama alikuwa anakuja kusalimia tu, lakini ndiye aliyekimbia kwanza, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, nao wakalia. Mkifungua Luka 15, baba wa mwana mpotevu naye anakimbia, anaanguka shingoni, anabusu. Kwa hiyo Yakobo aliposema kwamba kuuona uso wa Esau ni kama kuuona uso wa Mungu, sidhani kwamba alikuwa anamsifu tu ili aokoke. Alikuwa ametoka kuuona uso wa Mungu usiku ule, akapaita mahali pale Penieli kwa sababu hiyo, na asubuhi yake akauona uso wa pili uliokuwa na haki ya kumwangamiza na haukumwangamiza.

Ninachotaka kumwambia Mwalimu ni kwamba toba ya Yakobo haikukamilishwa na Yakobo peke yake. Ilimhitaji mtu wa kuipokea ikiwa pungufu hivyo hivyo, bila neno. Sisemi kwamba mimi nimefika hapo. Zile zawadi za mdogo wangu bado zimefungwa kwenye makasha yake, sijazirudisha na sijazitumia.

Mhesabu Miaka

Dada Mzaliwa wa Kwanza, asante, na pole. Sina la kuongeza juu ya hayo, kwa hiyo nitakwenda kwenye swali la subira, ambalo naona limeachwa.

Mwalimu anauliza kama Yakobo alisubiri au alibanwa. Kwa upande wa Harani, alikoishi kwa Labani, nakubali kwamba alibanwa, na tena alibanwa kwa namna ambayo msomaji mwenye masikio hawezi kukosa kucheka kidogo. Rebeka alimwambia akae kwa mjomba wake siku chache, mpaka hasira ya Esau itulie. Siku hizo chache zikawa miaka 20, na Biblia haisemi kwamba mama na mwana walionana tena. Alimtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, nayo ikawa machoni pake kama siku chache kwa jinsi alivyompenda, na Kiebrania kinatumia hapo maneno yale yale ya Rebeka. Kisha gizani akapewa Lea, dada mkubwa wa Raheli, naye alipolalamika Labani akamjibu kwamba kwao haitendeki hivyo, kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Mla cha mwenzio na chako huliwa. Aliyemdanganya asiyeona kuhusu nani ni mkubwa na nani ni mdogo alidanganywa asipoweza kuona, kwa jambo lile lile la mkubwa na mdogo. Akaongeza miaka mingine 7 kwa ajili ya mke na 6 kwa ajili ya mifugo, mshahara wake ukibadilishwa mara kumi, akipigwa na jua mchana na baridi usiku, kama anavyolalamika mwenyewe katika sura ya 31. Kama hiyo ni subira, basi ni ya mtu anayenung'unika na kuhesabu, na bado akabaki kazini. Mimi sioni aibu kuiita subira.

Lakini kungoja kwake kukubwa ni kwingine. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17, alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa kabla baba yake hajaambiwa kwamba yu hai. Hiyo ni miaka 22. Wanawe walimletea Yakobo kanzu ya Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi, na yeye aliyemdanganya baba yake kwa ngozi za mbuzi na mavazi ya ndugu yake akaamini alichokiona.

Sasa fanyeni hesabu hii ndogo, ambayo ilinikosesha usingizi siku nilipoifanya mara ya kwanza. Yakobo alikuwa na miaka 130 aliposimama mbele ya Farao, wakati Yusufu alikuwa na miaka 39, kwa hiyo Yusufu alizaliwa Yakobo akiwa na miaka 91, na aliuzwa Yakobo akiwa na miaka 108. Isaka alikuwa na miaka 60 mapacha walipozaliwa, naye aliishi miaka 180. Maana yake ni kwamba siku ile kanzu ilipoletwa, Isaka alikuwa hai, mzee wa miaka 168, na Yakobo alikuwa amekwisha kurudi kwake. Habari ya kifo chake imewekwa mapema katika sura ya 35, ndiyo maana hatulioni jambo hilo. Mzee aliyedanganywa kwa mbuzi aliishi miaka 12 karibu na mwana aliyedanganywa kwa mbuzi. Mwalimu alisema hatusomi kwamba Yakobo alimkiri baba yake, na ni kweli hatusomi. Mimi huwaza tu miaka hiyo 12, na kwamba mwishoni Esau na Yakobo walimzika Isaka pamoja.

Katika miaka hiyo yote ya maombolezo Yakobo hakuwa mfano wa utulivu. Alikataa kufarijiwa. Alimng'ang'ania Benyamini, mwanawe wa mwisho, kama alivyokuwa ameking'ang'ania kila kitu tangu kile kisigino. Ndiyo maana naiona sura ya 43, aya ya 14, kuwa kilele cha imani yake, pale anapomwachilia Benyamini aende Misri, anamwomba Mungu Mwenyezi awape rehema, na anasema kwamba kama ni kufiwa na watoto, basi amefiwa. Ni sala isiyo na sharti, isiyo na nadhiri na isiyo na hila. Mwandishi wa Waebrania, alipotafuta tendo la imani la Yakobo, hakuchagua Betheli wala Yaboki, alichagua kitanda cha mauti, mzee akiwabariki wana wa Yusufu na kusujudu akiegemea kichwa cha fimbo yake. Katika tukio hilo macho ya mzee ni mazito kwa uzee, kama yalivyokuwa ya Isaka, naye anapishanisha mikono na kumweka mdogo mbele ya mkubwa. Yusufu anadhani amekosea kwa sababu haoni. Yeye anajibu kwamba anajua.

Na kama mnataka neno lake mwenyewe kuhusu subira, lipo sura ya 49, aya ya 18. Anawabariki wanawe mmoja baada ya mwingine, amefika kwa Dani, bado Gadi na wengine, ghafla anakatiza: "Wokovu wako nimeungoja, Ee BWANA." Halafu anaendelea na Gadi.

Mwalimu wa Vijana

Nimesoma majibu yote kwa siku mbili, na nawashukuru sana.

Nimeamua kutompa binti yule jibu la namba moja. Nitampa kazi ya kusoma swali la Isaka katika sura ya 27 kwa sauti, mwenzake asome swali la pale Yaboki, kisha nitanyamaza niwaache wenyewe wayakutanishe. Hoja ya Sikubali Haraka kuhusu Sukothi nitaileta mimi mwenyewe, kwa maana nikiificha wataigundua na hawataniamini tena kwa mengine. Hesabu ya miaka ya Isaka nimeirudia kwa kalamu mara tatu, inakubali.

Jambo moja limebaki bila jibu moyoni mwangu, nalo ni kama tunayo haki ya kuita toba kitu ambacho aliyekosewa bado anakingojea kwa maneno. Dada Mzaliwa wa Kwanza, sitathubutu kulijibu mbele yako. Nitalifikisha kikundini bila kutaja habari yako, kama utaniruhusu.

Mzaliwa wa Kwanza

Nakuruhusu, Mwalimu. Wakipata jibu, unifikishie.

Mwalimu wa Vijana

Nitakufikishia. Wiki inayofuata tunaingia sura ya 37 na ya 38, na kwa jinsi ninavyomfahamu sasa binti yule, ataniuliza kuhusu Yuda na Tamari mbele ya wote. Mwenye maandalizi ya sura hiyo yanayofaa vijana anisaidie mapema.